Mashine ya Figo na Madini ya Mwili: Yanayopungua na Yanayozidi

Leo tunazungumza na jamaa za wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kufanya kazi na sasa wanasafishwa damu kwa mashine. Kazi hiyo huitwa dayalisisi. Wengi wenu mnaowapeleka wagonjwa katika Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Kakamega, au katika hospitali nyingine za eneo letu, mmekwisha kuambiwa habari za chumvi na maji ya kunywa. Jambo linalosahaulika ni madini ambayo mwili unayahitaji kwa kiasi kidogo sana, kama zinki, seleniamu, chuma na shaba. Yakipungua mgonjwa huumia. Yakizidi huumia pia. Na mkono unaoweza kuyapunguza au kuyazidisha mara nyingi ni mkono wako wewe mpishi na mlezi.

Figo zenye afya hufanya nini?

Kwa kawaida mtu huzaliwa na figo mbili, kila moja ikiwa na ukubwa kama wa ngumi. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu. Hiyo ni mitungi tisa ya lita 20. Karibu maji hayo yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo.

Wakati wa kuchuja, figo huchagua. Madini yanayohitajika hurudishwa, na yaliyozidi hutolewa. Ni kama mama anayepeta mahindi kwenye ungo: mahindi hubaki, makapi huruka. Figo zikifa, yule mpetaji hayupo tena.

Mashine hufanya nini?

Mashine haichagui kwa akili kama figo. Ndani yake mna utando mwembamba wenye matundu madogo sana. Upande mmoja hupita damu ya mgonjwa, na upande wa pili hupita maji yaliyochanganywa na dawa. Kitu kilicho kingi upande mmoja huvuka kwenda upande ambako ni kidogo. Uchafu wa damu huvuka kwenda kwenye maji, na hivyo damu husafishwa.

Lakini njia hiyo ni ya pande mbili. Maji yale yakiwa na madini mabaya, madini hayo nayo yanaweza kuvuka na kuingia kwenye damu. Mengine yakishaingia hushikana na protini za damu, na hayatoki kwa urahisi. Kwa hiyo hata kiasi kidogo kilichomo katika maji huweza kujikusanya wiki baada ya wiki.

Hebu tupige hesabu. Mtu anayekunywa lita mbili za maji kwa siku hunywa lita 14 kwa wiki, na utumbo wake huzuia sehemu kubwa ya madini mabaya. Mashine ya dayalisisi kwa kawaida hupitisha nusu lita ya maji kila dakika. Kwa saa nne hizo ni lita 120, yaani mitungi sita. Mgonjwa anayesafishwa mara mbili kwa wiki hukutana na lita 240, na anayesafishwa mara tatu hukutana na lita 360. Yote hayo yanatenganishwa na damu yake na ule utando tu.

Maji safi ya kunywa hayatoshi

Maji ya mfereji husafishwa kwa dawa. Katika mitambo mingi hutumiwa shabu ili tope litulie chini, na shabu ina madini ya alumini. Kwa mtu mwenye figo nzima hilo si tatizo kubwa. Maji ya kunywa mara nyingi huruhusiwa kuwa na alumini hadi miligramu 0.2 kwa lita. Maji ya dayalisisi hayatakiwi kuzidi miligramu 0.01, yaani mara ishirini chini ya hapo. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu moto huua vijidudu lakini hauondoi madini. Ndiyo maana kitengo cha dayalisisi huwa na mtambo maalum wa kuchuja maji nyuma ya kile chumba unachokiona.

Somo hili dunia ililipata kwa uchungu. Katika miaka ya 1970 wagonjwa wa dayalisisi katika nchi kadhaa walianza kushindwa kutamka maneno, kushtukashtuka viungo, kuchanganyikiwa, na hatimaye kufa. Mwaka wa 1976 madaktari wa Denver, Marekani, walieleza kwamba ubongo wa wagonjwa hao ulikuwa na alumini nyingi kupita kiasi. Huko Newcastle, Uingereza, wagonjwa walivunjika mifupa kwa sababu hiyo hiyo. Na mwaka wa 1996, katika kisiwa cha Curaçao, bomba jipya la maji lililopakwa saruji ndani lilitoa alumini iliyoingia kwenye maji ya kituo cha dayalisisi. Wagonjwa 10 walifariki.

Mama, sisemi haya ili uogope mashine. Bila mashine mgonjwa wako hataishi. Nasema ili ujue una haki ya kumuuliza muuguzi kwa upole: "Sista, maji ya mashine yalipimwa madini lini?" Madini katika maji hayo yanatakiwa kupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Muuguzi mwema hatachukia swali hilo.

Madini yanayopungua

Mwaka wa 2009 watafiti wa Canada walikusanya tafiti nyingi zilizofanywa duniani kuhusu wagonjwa wa dayalisisi. Walikuta kwamba kwa jumla damu ya wagonjwa hao ina zinki, seleniamu na manganizi kidogo kuliko ya watu wengine. Shaba, kromiamu, risasi na kadimiamu zilikuwa juu. Tuyatazame yale yanayowagusa zaidi wagonjwa wetu.

Kwanza ni zinki. Madini haya husaidia vidonda kupona, husaidia mwili kupigana na magonjwa, na huupa ulimi uwezo wa kuonja. Yakipungua, mgonjwa husema chakula hakina ladha. Basi anakula kidogo, na kwa kula kidogo zinki inazidi kupungua. Hilo ni duara baya. Zinki hupungua pia kwa sababu dawa za kuzuia fosforasi, zile zinazomezwa pamoja na chakula, zinaweza kuishika tumboni.

Pili ni seleniamu. Hii hulinda chembe za mwili na husaidia moyo na tezi ya shingoni. Tunaipata katika samaki, mayai na nyama, yaani vyakula vile vile ambavyo mgonjwa hunyimwa au hukosa hamu navyo.

Tatu ni chuma. Figo zilizokufa hazitoi tena ile homoni inayoamuru mwili utengeneze damu. Pia kila safari ya mashine damu kidogo hubaki kwenye mipira. Kwa hiyo wagonjwa wengi huishiwa damu. Kliniki huwapa sindano ya kuongeza damu, na mara nyingi chuma kupitia mshipa. Lakini chuma kikizidi nacho hujikusanya kwenye ini. Aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa nacho kingi tayari. Usimnunulie vidonge vya kuongeza damu dukani bila daktari kutazama vipimo.

Swali kutoka kwa akina mama

Swali ambalo akina mama huuliza ni hili: "Kama kukhu amepungukiwa zinki, mbona nisimpe zile tembe za zinki za mtoto wa kuhara?"

Tembe hizo mnazijua vizuri. Mtoto wa miezi sita na zaidi anayehara hupewa miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya ORS. Chini ya miezi sita hupewa miligramu 10. Hiyo ni dawa ya muda mfupi, kwa mtoto mwenye figo zake.

Kwa kukhu mambo ni tofauti. Zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia shaba isiingie mwilini. Shaba ikikosekana, damu hupungua tena, miguu hufa ganzi na mtu huanza kuyumba akitembea. Utakuwa umeziba tundu moja na kutoboa jingine. Isitoshe, ORS ina potasiamu na chumvi, na haimfai mgonjwa wa dayalisisi bila amri ya daktari.

Je, wote wapewe zinki na seleniamu za hospitali? Mwongozo wa lishe ya wagonjwa wa figo uliotolewa Marekani mwaka wa 2020 unashauri wasipewe wote kama desturi, kwa kuwa ushahidi kwamba inawasaidia ni mdogo. Daktari humwangalia kila mmoja. Kama ladha imepotea, vidonda haviponi au nywele zinakatika, mwambie daktari aamue.

Chakula ndicho dawa ya kwanza

Hapa pana kosa linaloua wagonjwa polepole. Kabla ya kuanza mashine, wagonjwa wengi huambiwa wapunguze nyama, mayai na maharagwe. Wakianza mashine amri hiyo hubadilika, lakini nyumbani habari haifiki. Mgonjwa anaendelea kulishwa ugali mkubwa na mboga kidogo, na mwili unakonda.

Mgonjwa wa dayalisisi anahitaji protini zaidi kuliko alivyohitaji kabla ya mashine. Mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Mpe yai, kipande cha ingokho, nyama isiyo na mafuta mengi, au samaki kama ngege. Humo ndimo zinki, seleniamu na chuma vilimo pia. Omena ni nzuri, lakini huliwa na mifupa yake, na mifupa ina fosforasi nyingi. Mpe kidogo, na umuulize mtaalamu wa lishe.

Angalia pia supu. Kwetu mgonjwa hupewa supu ya mifupa ili apate nguvu. Kwa mgonjwa wa figo supu ni maji, chumvi, potasiamu na fosforasi katika kikombe kimoja. Mpe nyama, supu wape wenye figo. Na ukihesabu maji yake ya siku, hesabu uji na chai pia.

Mambo matano ya kuepuka nyumbani

La kwanza ni munyu musherekha, chumvi yetu ya kienyeji inayochujwa kutoka kwa majivu ya maganda ya maharagwe na mimea mingine. Inalainisha mrenda na kunde vizuri sana. Lakini majivu ya mimea yana potasiamu nyingi. Potasiamu si miongoni mwa madini madogo tunayozungumzia leo, lakini nimeitaja kwa sababu huua haraka zaidi. Ikizidi, moyo husimama. Mpikie mgonjwa mboga yake kando bila munyu. Mboga zikatekate, zichemshe kwa maji mengi, kisha mwaga maji hayo. Usimwekee pia ile chumvi ya dukani iliyopunguzwa sodiamu, kwa kuwa nyingi hutengenezwa kwa potasiamu.

La pili ni udongo wa kula, yale mawe laini yanayouzwa sokoni na ambayo akina mama wajawazito huyapenda. Mtu aliyepungukiwa damu hutamani udongo. Lakini udongo una alumini, unaweza kuwa na potasiamu na risasi, na huzuia chuma na zinki visiingie mwilini. Ukimwona mgonjwa anatafuna udongo usimgombeze. Mwambie muuguzi, kwa sababu huenda damu imepungua.

La tatu ni dawa za kiungulia. Nyingi zina alumini au magnesiamu, na mgonjwa wa dayalisisi hawezi kuzitoa zikizidi. Zikimezwa na maji ya limau au tembe zinazotoa povu, alumini huingia mwilini kwa wingi zaidi. Kabla ya kununua, mwambie mwenye duka la dawa: "Mgonjwa wangu yuko kwenye dayalisisi."

La nne ni dawa za mitishamba. Sizidharau dawa za wazee wetu. Lakini hatujui kilichomo ndani ya chupa, na baadhi zimewahi kupatikana na risasi au zebaki. Mtu mwenye figo anaweza kuvumilia kidogo, huyu hawezi.

La tano ni sufuria. Sufuria zinazoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu zinaweza kutoa alumini na hata risasi, hasa ukipika vitu vichachu kama nyanya, limau au uji wa kuchacha. Hatari hii ni ndogo kuliko ya maji ya mashine na ya dawa za kiungulia, lakini kuiepuka ni rahisi. Chakula kichachu kisilale ndani ya sufuria, kihamishe kwenye bakuli. Na usisugue sufuria kwa waya ndani mpaka ing'are kama kioo. Ile rangi ya kijivu ni ngozi inayozuia madini yasitoke. Ukipata uwezo, nunua sufuria moja ya chuma kisichoshika kutu kwa ajili ya mgonjwa.

Dalili za kupeleka hospitali

Usingoje siku ya mashine ukiona mojawapo ya haya:
- Mgonjwa anashindwa kutamka maneno, anachanganyikiwa au anashtukashtuka viungo.
- Mwili umelegea ghafla, au moyo unapiga bila mpango.
- Anahema kwa shida.
- Baada ya mashine anaumwa kifua, mgongo au tumbo, au kama bado anapata mkojo, unatoka mwekundu au mweusi.

Haya yafuatayo mweleze muuguzi siku ya kliniki: chakula kukosa ladha, kidonda kisichopona, nywele kukatika, ganzi ya miguu, maumivu ya mifupa, na uchovu unaozidi.

Usikose siku ya mashine

Zamani mgonjwa wa Kakamega alilazimika kusafiri mbali kusafishwa damu. Baada ya mpango wa serikali wa vifaa vya hospitali ulioanza mwaka wa 2015, mashine zilifika katika hospitali nyingi za kaunti. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Hakikisha mgonjwa amesajiliwa SHA na mchango umelipwa, ili asirudishwe mlangoni. Akikosa siku moja, potasiamu na maji hujaa mwilini, na hakuna chakula wala tembe itakayofidia.

Neno kwa wenye figo nzima

Kakamega ilijulikana kwa dhahabu tangu miaka ya 1930. Hadi leo akina mama wa Rosterman na Ikolomani huosha mchanga na kunasa dhahabu kwa zebaki. Ile zebaki ikichomwa hutoa moshi usioonekana, na moshi huo huharibu figo na ubongo. Usiichome jikoni, usiichome karibu na mtoto, na ukiwa mjamzito usiiguse kabisa. Krimu nyingine za kung'arisha ngozi nazo zina zebaki. Risasi kadhalika. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watoto na watu wazima waliathirika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kiwanda kilichofungwa mwaka wa 2014. Betri ya gari iliyopasuka isiwe kiti wala mchezo wa watoto. Kinga ya figo ni rahisi kuliko mashine.

Tukumbushane

Madini ya mgonjwa wa dayalisisi yanahitaji usawa. Zinki, seleniamu na chuma hupungua, na dawa yake ya kwanza ni chakula chenye protini. Alumini na risasi hujikusanya, na njia zake ni maji, udongo, dawa zisizojulikana na sufuria. Tembe yoyote ya madini ni ya kuamuliwa na daktari. Na potasiamu ya munyu musherekha, supu na ndizi nyingi isisahaulike hata siku moja.

Siku ya mashine ijayo, weka katika mfuko dawa zote anazotumia mgonjwa, za hospitali, za dukani na za mitishamba, uzipeleke kwa muuguzi azitazame moja moja. Usifiche hata moja. Na kama jirani yako anauguza mgonjwa wa aina hii, mpitie leo jioni umweleze uliyoyasikia.